Baraka Kabla ya Sabuni

Mwezi uliopita tulimzika Ramadhani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na kweli yeye ndiye aliyetangulia kufa nami nikabaki wa kuzika. Nyumbani kwake Majengo, hapa Thika, watu walijaa mpaka barabarani. Nilimkumbatia mwanawe mkubwa, nikamwambia maneno mazito juu ya baba yake, maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu asubuhi, na kijana wa watu akayasikiliza yote kwa adabu. Nilipomaliza akasema, "Asante sana, mzee. Lakini mimi ndiye nimeleta viti." Watu wakacheka, tena msibani! Ramadhani mwenyewe angecheka kuliko wote. Mjukuu wangu Wanjiku, aliyekuwa amenishika mkono, hakucheka. "Guka," akaninong'oneza, "umefungua macho ya Thika nzima, na yako umeyaacha yafungike?" Nikamwambia anyamaze, tuko matangani. "Nitanyamaza siku utakayoenda kupasuliwa," akasema. Nilikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na nilijua tangu zamani, mimi niliyewatoa wengine watoto wa jicho mpaka mgongo ukapinda. Nilikuwa naogopa, basi. Aliyekata macho ya watu maisha yake yote anajua kila kitu kinachoweza kuharibika. Na kulikuwa na jambo jingine dogo nililolitaka kabla ya kisu, ambalo niliona aibu kumwambia mtu yeyote.

Jioni hiyo, nikiwa nimeketi sebuleni kwangu Ngoingwa na kikombe cha chai kilichopoa, sikumfikiria Ramadhani wa uzee, mwenye fimbo na kanzu. Nilimfikiria Ramadhani wa ule mwaka mmoja, katikati ya siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, tulipokuwa vijana wenye viatu vilivyong'arishwa na maringo yasiyo na mwisho. Habari za baba na mama na shule nilizopita sitaziandika. Nimeshawachosha watu nazo katika harusi nyingi. Inatosha kusema kwamba mimi na yeye tulikuwa tumemaliza masomo ya udaktari kule Uganda, tumefanya kazi ya hospitali, na tulidhani tumemaliza kusoma. Ndipo tukachaguliwa kwenda kwenye kliniki moja ndogo ya macho pale Thika, kwa mwalimu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha waliokwisha kufundishwa. Jina lake lilikuwa Daktari Noronha, mwanamke wa Kigoa, mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa Nairobi, mfupi hata alipopasua alisimama juu ya kigoda. Siku ya kwanza alituuliza tunajua nini. Wacha tujimwage! Tukataja magonjwa, dawa, mishipa, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vizuri. Sasa niambieni msichojua." Tukatazama viatu vyetu vilivyong'arishwa. "Mkipata cha kuniambia," akasema, "njooni tuanze kazi."

Kliniki ilikuwa nyumba ya mawe yenye paa la mabati, na ukisimama mlangoni upepo ulileta harufu ya mananasi. Wodi ilikuwa moja tu, ndefu, iliyogawanywa katikati kwa pazia la amerikani: wanaume huku, wanawake kule. Nyuma kulikuwa na jiko, na katika jiko hilo ndimo tulimosomea hasa. Mwenye bucha mmoja wa Ruiru alitutunzia macho ya mbuzi, na kila yalipofika Daktari Noronha aliyapanga juu ya meza ileile tuliyolia chakula, akatupa kisu chembamba na uzi mwembamba kuliko unywele, akasema, "Kata. Shona. Fumua. Tena." Mimi niliharibu macho mengi sana ya mbuzi. Ramadhani alikuwa akiniuliza kama nimetumwa na mbuzi wengine nilipize kisasi. Saa sita meza inasuguliwa kwa maji ya moto, na pale pale tunawekewa wali na mchuzi wa samaki wenye ndimu na pilipili, naye Daktari anaketi kati yetu na kula kwa mkono kama sisi. Leo kijana hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Siku zile Mwafrika alikuwa na mlango wake, Mhindi na wake, Mzungu na wake, na mimi nilitembea na pasi mfukoni nikiulizwa kila kona ninakwenda wapi. Mezani kwake uliulizwa kitu kimoja tu: leo umeona nini ambacho jana hukukiona?

Nusu ya wiki tulishinda Ruiru, kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge na kahawa, tukigeuza kope za watoto kutafuta trakoma, ugonjwa unaoambukiza kutoka jicho hadi jicho. Daktari Noronha hakutaka tutibu tu. Alitaka kila mmoja wetu awe na swali lake mwenyewe, swali ambalo halimo kitabuni, na alifuatilie mwaka mzima. Ramadhani alilipata lake siku moja alipomwona mama akiwanawisha watoto uso, mmoja baada ya mwingine, katika karai moja la maji. Mimi sikuwa na swali. Nilikuwa nikijibu vizuri sana, lakini kuuliza kulinishinda, na kila Ijumaa Daktari aliponitazama nilijisikia kama mtoto aliyesahau kazi ya nyumbani. "Litakuja," alikuwa akisema. "Lakini halitakuja ukiwa umesimama." Sikuelewa maana yake.

Huko Ruiru ndiko tulikomkuta Nyina wa Njoroge. Jina lake jingine sikulijua kamwe. Kwetu mama huitwa kwa mwanawe, na huyo mwanawe, Njoroge, alikuwa kizuizini, amechukuliwa na askari asubuhi moja mama akisikia tu sauti za buti. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Lilipasuliwa zamani katika hospitali moja, likaharibika. La kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho aliyeiva, wa kutolewa, na lilikuwa ndilo pekee lililobaki. "Nataka nimwone akirudi," alituambia. "Sitaki nimpapase kama mbuzi wa sokoni." Basi Daktari Noronha anamleta Thika kwa kigari chake cheusi, anamwekea matone, anamwandalia kitanda, na siku ya kupasuliwa ikifika mama anashika fremu ya mlango na kugoma. Hasemi kwa nini. "Sitaki" tu. Anarudishwa Ruiru, na baada ya muda anaomba kuletwa tena, na mlango ni uleule, na kugoma ni kulekule. Manesi walisema ni kichwa kigumu. Daktari Noronha alisema, "Kichwa kigumu hakipandi gari kuja." Lakini hata yeye hakujua kinachomzuia, na mtoto wa jicho akiachwa mno huleta presha ndani ya jicho, na jicho likaenda kabisa. Sote tulijua kwamba muda wa mama yule unakwisha.

Sasa nieleze desturi ya kliniki ile, ambayo sijaiona penginepo. Zamani hizo mtu akitolewa mtoto wa jicho alilazwa chali siku nyingi, macho yote mawili yamefungwa bendeji, vifuko vya mchanga pande mbili za kichwa asigeuke. Hakuna kukohoa, hakuna kupiga chafya, hakuna kutafuna. Ni uji tu, kwa kikombe chenye mdomo kama birika. Na sheria ya Daktari Noronha ilikuwa hii: hakuna mwanafunzi atakayeshika kisu juu ya jicho la mtu kabla hajalala hivyo yeye mwenyewe, wodini, miongoni mwa wagonjwa, tangu alfajiri mpaka giza liingie. Ramadhani alitangulia, na kabla ya saa nne alikuwa amepiga chafya mara nyingi hata Daktari akamwambia kwamba kama angekuwa mgonjwa wa kweli jicho lake lingekuwa sakafuni. Zamu yangu ilipofika, wanaume walikuwa wamejaa, nikapewa kitanda cha mwisho kando ya pazia. Ramadhani akaja kukaa karibu na kichwa changu, akala mahamri ya moto polepole, akisifu iliki iliyomo. "Pole, ndugu yangu," alikuwa akisema. "Wewe endelea na uji." Nilimtukana moyoni kwa lugha zote nizijuazo.

Alipoondoka ndipo nilipoanza kujifunza. Gizani nilisikia mabati yakilia yakipata joto. Nilisikia nesi akipita na sikujua kama anakuja kwangu au anakwenda kwa mwingine, na kila hatua iliyokaribia ilinitisha. Mgongo uliniuma. Nilianza kufikiri upuuzi, kwamba wamenisahau, kwamba jengo lote limehamwa. Nikajiuliza: hivi ni lazima walale hivi siku zote hizo? Nani alisema? Wazee wangapi tumewaona wakichanganyikiwa hapa, au wakishikwa na kifua, na tukasema ni uzee? Kumbe ndilo swali langu lile. Lilinijia nikiwa chali na uji kwenye kola.

Na papo hapo, ng'ambo ya pazia, wanawake wawili wakaanza kuzungumza kwa Kikuyu. Mmoja nilimtambua kwa sauti. Alikuwa Nyina wa Njoroge, ameletwa tena. Mwenzake alimuuliza kwa nini anaukimbia mlango, na yeye, akidhani upande huu wa pazia hakuna mtu anayemjua, akasema yote. Hospitali ile ya kwanza, kabla ya kupasuliwa, alimshika daktari mikono akataka kumtemea mate ya baraka viganjani, kama mzazi anavyombariki anayekwenda kufanya jambo kubwa. Daktari akairudisha mikono kana kwamba ameungua, akafoka, akaenda kunawa upya. "Aliiosha baraka yangu kabla hata sijaitoa," akasema. "Nikaingia vile vile, na jicho likafa. Sasa hapa pia nawaona wananawa, wananawa, mpaka kwenye viwiko. Nitawaambia nini? Watasema huyu ni mshenzi, anataka kututemea. Afadhali giza kuliko kuchekwa." Mwenzake akaguna tu, "Ĩĩ." Mimi nikalala pale, mtu wa kwao, niliyetemewa mate na nyanya yangu siku niliyopanda treni kwenda Uganda, na nikaona uchungu. Miezi yote hiyo tulikuwa tumemuuliza kuhusu maumivu, kuhusu usingizi, kuhusu choo.

Nilipofunguliwa bendeji nilikwenda moja kwa moja jikoni, macho yakinitoka machozi kwa mwanga wa taa, nikamweleza Daktari Noronha. Nilitarajia anikaripie. Huyu alikuwa mtu aliyeweza kumrudisha nesi kwenye karo akanawe upya kwa sababu amegusa kifungo cha gauni. Akaiweka chini sindano aliyokuwa akiinoa.

"Nilimuuliza anaogopa nini," akasema. "Sikumuuliza anataka nini." Kisha: "Hayo mate yanatemwa wapi hasa?"

"Kifuani, Daktari. Au viganjani."

"Kabla ya sabuni au baada yake?"

"Wazee hawana habari ya sabuni, Daktari."

"Basi itakuwa kabla," akasema, na akaichukua sindano yake tena.

Nimekutana na watu wengi wenye vyeti virefu, wengine niliwahi kuwapigia saluti, lakini sijapata kuona akili iliyosafiri mbali namna ile kwa maneno machache namna ile. Nampenda Daktari yule kwa jibu hilo mpaka leo.

Asubuhi yake tulikwenda Daktari, Ramadhani na mimi kitandani kwa Nyina wa Njoroge, na mimi nikawa mkalimani. Daktari Noronha alimnyooshea mikono yake mitupu na kumwambia kwamba hapa hakuna anayenawa kabla ya mzazi kusema neno lake. Mama akapapasa hewani, akauliza, "Yule kijana aliyelala gizani jana yuko wapi? Wameniambia alilala kama sisi, akanyweshwa uji kama sisi."

"Ni mimi, maitũ," nikasema. "Mama, ni mimi."

"Basi nataka kubariki mikono yako. Wewe ndiye utanikata."

Ilikuwa imepangwa Daktari mwenyewe afanye kazi hiyo. Jicho pekee la mtu si la kujifunzia. Nikatafsiri, nikaongeza juu yake kwamba haiwezekani. Daktari Noronha akaniambia nitafsiri tu, nisiongeze chumvi. Akamwambia mama ukweli bila kuuremba: kijana huyu ana mkono mzuri, lakini hajawahi kumtoa mtoto wa jicho peke yake. Jicho hili likiharibika hakuna jingine. Mama akageuza uso kuelekea sauti yake.

"Hata mamangu," akasema, "kuna siku alikuwa hajawahi kuzaa."

Daktari Noronha alicheka, kicheko kifupi. Alinitazama, kisha akatazama mikono yangu, na sijui alihesabu nini kichwani mwake. "Nitasimama nyuma yako," akasema.

Nikapiga magoti, nikaweka viganja vyangu mbele ya mdomo wa mama. Akavishika. Akajaribu, hakuna kitu, akajaribu tena. Hofu ilikuwa imemkausha mdomo kabisa. Nikaona aibu ikianza kumpanda usoni, mikono yake ikitaka kuniachia. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari, vyombo vimetolewa kwenye maji yanayochemka, nesi mlangoni anatazama saa. Daktari Noronha hakutazama saa. Aliagiza maji, akamshikia mama kikombe yeye mwenyewe, akamwambia kwa Kiswahili chake kifupi, "Taratibu, mama. Tunangoja." Tukangoja. Nesi akakohoa, hakuna aliyemjibu. Ramadhani, aliyekuwa mtu wa maneno mengi, alisimama miguuni pa kitanda, kichwa chini, kama yuko msikitini. Hatimaye mama akanitemea viganjani, mate machache kama umande, akasema neno letu la baraka, "Thaai. Mikono hii isitetemeke." Nikainuka nikaenda kunawa, na nilinawa kwa sabuni na brashi mpaka kwenye viwiko, kama nilivyofundishwa.

Kuhusu kukata sitasema mengi, maana waandishi hupenda kutia chumvi hapo. Nilimweleza kila nilichokuwa nikifanya, kwa Kikuyu, polepole, naye alilala kimya kama jiwe la kusagia. Nilipokwisha kufungua ukingo wa jicho na ilikuwa zamu ya kumshika mtoto wa jicho, mkono ukasita. Nilimsikia Daktari Noronha akipumua karibu na bega langu, juu ya kigoda chake. Angeweza kusema nimpishe. Mimi, miaka iliyofuata, nikiwa nyuma ya wanafunzi wangu, nimejua jinsi ilivyo vigumu kutosema neno hilo. Mikono yote inawasha. Yeye alisema tu, "Una nafasi." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikashika, nikavuta, nikazungusha kidogo, na mtoto wa jicho akatoka mzima, rangi ya chai ya maziwa, ukubwa wa punje ya maharage ya njahi. Nikashona. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi nikalia, na Ramadhani akakaa kando yangu akanipa hamri moja. Sikumuuliza amelificha wapi muda wote huo.

Siku alizolala na vifuko vya mchanga zilikuwa ndefu kwangu kuliko kwake. Bendeji ilipoondolewa aliona kwanza kitu cheupe kikisogea. Lilikuwa koti langu. Kisha akapewa miwani mizito kama chini ya chupa, akanitazama sana, akasema, "Kumbe u mtoto hivi! Ningejua nisingekubali." Wodi nzima ilikufa kwa kicheko. Mwishoni mwa mwaka, nikiwa nafunga mizigo yangu, alikuja kliniki kwa miguu yake, bila wa kumshika mkono, na nyuma yake alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa koti la kuazima. Njoroge alikuwa amerudi. Mama alimsogeza hadi mlangoni penye mwanga, akamshika kidevu mbele yetu sote. "Amekonda," akatuambia. "Hakuna aliyeniambia kwamba amekonda. Nimeona mwenyewe." Alilirudia neno hilo, nimeona mwenyewe, huku machozi yakishuka nyuma ya miwani, na Daktari Noronha akatoka akaenda jikoni, akakaa huko mpaka wali ukaungua.

Tulitawanyika. Daktari Noronha aliondoka nchini baadaye, akafia mbali, hatukumwona tena. Mimi nilifuatilia swali langu, na wengine wengi dunia nzima walikuwa wakilifuatilia, na leo mtu anapasuliwa asubuhi na mchana yuko kwake anatafuna nyama. Ramadhani alibaki kufundisha muda mrefu kuliko mimi.

Juma lililopita Wanjiku alinipeleka kupasuliwa, hapa hapa Thika. Nilivalishwa gauni lisilofunga nyuma, nikawekewa matone, nikaketi kwenye kiti nikijiambia nisiwe mjinga. Mzee wa umri wangu, daktari, nitamwambiaje msichana wa siku hizi aliyepangiwa kunipasua kwamba nataka kumtemea mate mikononi? Angeita nesi. Angemwita Wanjiku na kumwambia mzee amechanganyikiwa. Nikaamua kunyamaza. Nilimwelewa Nyina wa Njoroge siku hiyo kuliko siku niliyomkata. Mlango ukafunguliwa, nikaona umbo jembamba la kijani likija, likachuchumaa mbele yangu. Hakuwa amevaa glavu. Alininyooshea mikono yake mitupu, viganja juu.

"Guka," akasema, "sijanawa bado. Kama una neno, sema sasa."

Nikamuuliza nani amemfundisha hivyo.

"Mwalimu wetu, marehemu mzee Ramadhani. Alikuwa mkali sana kwa hilo. Baraka kabla ya sabuni. Hakutuambia ilitoka wapi."

Nilivishika viganja vile, nikaviinamia. Mdomo ulikuwa umenikauka kabisa, hakuna hata tone. Nikatikisa kichwa, nikataka kumwachia aende akanawe, maana nilijua wengine wako kwenye foleni. Hakuivuta mikono yake. Alimwambia nesi alete maji.

"Taratibu, Guka," akasema. "Tunangoja."